Mnaotaka kuniuzia kasuku, someni hapa

Kwa muda mrefu nimekuwa nikikwepa kuandika kuhusu kasuku. Hapa tumezoea kuzungumza siasa, bei ya mbolea, na vituko vya chumba cha habari, na nilidhani mambo ya uani kwa shangazi yangu yabaki uani. Lakini wiki hii nimepokea tena ujumbe wa aina ile ile: "Kaka, nasikia unanunua kasuku. Ninaye mmoja anaongea vizuri, unatoa bei gani?" Huo ni wa kumi na ngapi sijui. Basi leo niwajibu wote kwa mpigo, ili kesho nikiulizwa niwaelekeze hapa.

Jibu fupi: sinunui. Jibu refu ndilo hili, na lina habari nyingine ambayo si nzuri sana, kwa hiyo mvumilie hadi mwisho.

Kwa wale msionifahamu vizuri, mimi ni mwandishi wa gazeti, napanga chumba na sebule Soweto, hapa Mbeya. Shangazi yangu anaishi Iringa, Kihesa. Ni afisa mifugo mstaafu, mjane, mtu wa kuamka saa kumi na moja alfajiri hata kama hana pa kwenda. Nyuma ya nyumba yake kuna banda la nyavu za waya, urefu wake hatua kumi na mbili, na ndani yake wako ndege kumi na mmoja. Saba ni cherero, wale kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi, mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho na shingo ya njano. Watatu ni kwaru, wakubwa kidogo, wa rangi ya kahawia, wenye madoa ya njano mabegani na tumbo la kijani linaloelekea buluu. Mmoja ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Hicho ndicho watu wanakiita "kituo". Hakina kibao wala mfadhili, na akaunti yake ya benki ni mfuko wa khanga ya shangazi na sehemu ya mshahara wangu, ambao wenzangu wa tasnia hii mnaujua ulivyo.

Kilianza kwa bahati ya kazi. Mhariri alinituma Tunduma kuandika kuhusu foleni ya malori. Ukikaa Tunduma siku mbili utakuta kila kitu kwenye kabati za madereva: majiko, magodoro, picha za watoto. Dereva mmoja alikuwa na kasuku nyuma ya kiti, ndani ya tundu dogo kiasi kwamba mkia ulikuwa umekatikakatika kwa kusugua waya. Alimnunua huko Kongo ili awe na mtu wa kuongea naye njiani. Sasa alikuwa amesikia kwamba upande wetu wataulizia karatasi, na akaona afadhali mwandishi wa habari amchukue bure.

Nikampigia shangazi. Nilitegemea angesema "mlete". Akasema, "Baba, usimguse huyo ndege kabla hujawaita watu wa wanyamapori." Nikawaita. Dereva na maofisa wakamalizana kwa taratibu zao, lakini ikabaki shida moja ya kawaida kabisa: ndege alale wapi? Hakukuwa na mahali palipoandaliwa kwa ajili ya kasuku mmoja. Shangazi akaja kwa basi siku ya pili, akajitambulisha kwa kazi yake ya zamani, akaandikiwa barua ya kumtunza. Barua hiyo anaihifadhi kwenye faili moja na hati ya nyumba. Kila ndege aliyefuata naye ana barua yake. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaodhani kwamba mtu akiwa na huruma tu anaweza kufungua kituo. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, na cherero aliyenaswa jana porini ni mnyamapori kama tembo. Ukimweka ndani bila kibali, nia yako njema haikusaidii mbele ya hakimu.

Haya, turudi kwenye kununua.

Cherero wetu wengi wametoka upande wa Pawaga na Idodi, kule bondeni njia ya kuelekea Ruaha, ambako joto ni jingine kabisa ukilinganisha na Iringa mjini. Kule wakulima hawawapendi, na siwalaumu. Kundi la cherero likitua kwenye mtama au uwele halina salamu. Kwa hiyo vijana wanaowanasa hawajioni kama wahalifu. Wanasaidia shamba na wanapata hela ya vocha. Wanatumia ulimbo, utomvu unaonata, wanaupaka kwenye tawi karibu na maji, na mara nyingine wanafunga cherero mmoja pale ili awaite wenzake. Cherero ni ndege wa kundi, akisikia mwenzake anaita anakuja. Kijana mmoja alinionyesha boksi lake bila wasiwasi wowote. Alikuwa amenasa sita alfajiri ile. Wawili walikufa wakati wa kutolewa kwenye ulimbo na wawili njiani kwa jua. Aliobaki nao ndio alikuwa anauza.

Sasa fikirieni. Mimi nikitoa hela nichukue wale wawili, nimefanya nini? Nimelipia sita. Na Jumamosi inayofuata atakuja na boksi kubwa zaidi, kwa sababu sasa anajua kuna "kaka wa gazeti" anayenunua bila kubishana bei. Msomaji mmoja, Mungu ambariki, aliwahi kunitumia shilingi elfu hamsini kwa simu na maelezo: "Nunua wote uwaachie huru." Nilimrudishia. Aliumia, nadhani hata leo hajanielewa. Ukweli ni kwamba mfanyabiashara wa ndege hatofautishi hela ya huruma na hela nyingine. Zote zina picha ya wanyama na zote zinanunua ulimbo.

Na hii si hadithi ya vijana wa Pawaga tu. Kwa waliozaliwa juzi: nchi yetu ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ndege wa porini Afrika katika miaka ya 1980. Ndugu yake cherero wetu, yule wa Serengeti na kanda ya Ziwa mwenye shingo ya rangi ya machungwa, mwaka 1987 ndiye aliyekuwa ndege wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote duniani. Duniani, sikusema Afrika Mashariki. Baadaye biashara yake ilisimamishwa, kwa sababu makundi yalikuwa yamepungua hata kwa macho ya watu wa kawaida. Soko nalo likaanza kufungwa huko lilikokuwa. Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia uingizaji wa ndege wa porini mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulizuia Oktoba 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 ukaufanya uamuzi huo kuwa wa kudumu.

Hapa nyumbani mnakumbuka ya Novemba 2010, twiga walipopanda ndege kwenda Qatar kupitia uwanja wa Kilimanjaro, na wanyama wengine na ndege pamoja nao. Mnakumbuka tumbili 61 waliokuwa wanasafirishwa kwenda Albania, Machi 2016, na miezi michache baadaye serikali ikapiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwa miaka mitatu. Juni 2022 likatangazwa dirisha la miezi sita kwa wafanyabiashara waliobakiwa na wanyama mikononi, kelele zikawa nyingi, na haikuchukua siku likasitishwa. Sisi waandishi tuliandika sana kuhusu twiga. Twiga anaonekana. Cherero anaingia kwenye mfuko wa koti.

Kasuku wa kijivu yeye ana msiba wake mkubwa zaidi. Kwetu Tanzania yuko kiasili kule Kagera, msitu wa Minziro, lakini nyumba yake kubwa ni misitu ya Kongo na Afrika Magharibi. Ghana walikuwa nao wengi. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wamepungua huko kwa kati ya asilimia 90 na 99 tangu 1992. Mwaka huo huo wa 2016, Oktoba, nchi wanachama wa CITES, ule mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, zilikutana Johannesburg zikamweka kwenye orodha ya juu kabisa, kwamba aliyetolewa porini haruhusiwi kuuzwa kibiashara nje ya mipaka. Kwa hiyo unaponiandikia kwamba una kasuku wa kijivu "original kutoka Kongo", elewa kwamba unanitumia ushahidi.

Tuache sheria. Niwaambie jinsi ya kuishi nao, maana wengine mnao tayari na hamtamuuzia mtu.

Jambo la kwanza, parachichi. Tunaishi nchi ya parachichi jamani, Rungwe na Njombe, zinaanguka chini mpaka nguruwe wanazisusa. Parachichi ni sumu kwa kasuku. Kipande kidogo kinaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili, moyo na mapafu vinashindwa kazi. Mmoja wa kwaru aliyeletwa kwetu alikuwa amebaki peke yake kati ya wawili. Mwenye nyumba aliniambia kwa uchungu kabisa: "Tuliwapa matunda mazuri tu, yale yale tunayokula sisi."

La pili, moshi na hewa ya jiko. Mbeya mwezi wa sita na wa saba mnaijua, ukitema mate unaogopa yasigande. Mtu anamhurumia kasuku wake anaingiza jiko la mkaa chumbani. Mapafu ya ndege hayafanani na yetu, yanachukua kila kilichomo hewani, na hewa ya mkaa itamuua yeye kabla wewe hujaanza kuumwa kichwa. Hata vile vikaango vya kisasa visivyoshika chakula, vikiungua vikiwa vitupu, moshi wake unaua ndege wa chumba cha pili. Shangazi anafunika banda kwa turubai upande wa upepo, anaweka maboksi ya mbao yenye nyasi kavu, na cherero wenyewe wanajua kubanana.

La tatu, alizeti. Kila mtu anawapa alizeti kwa sababu wanaipenda. Na mimi napenda chipsi mayai. Ndege anayekula alizeti peke yake ananenepa na kukosa vitamini A, anaanza kuumwa pua na macho. Yetu inachanganywa kidogo na mtama, ulezi, mchicha, karoti, boga, mahindi mabichi na mapera. Maji yanabadilishwa mara mbili kwa siku. Ndege mpya anakaa peke yake siku arobaini na tano kwenye tundu la karantini, mbali na wenzake, maana kuna homa ya kasuku inayoambukiza hadi binadamu, na inaanza kama mafua ya kawaida. Anayesafisha anavaa barakoa, ananyunyiza maji kwanza ili vumbi la kinyesi lisipande.

La nne halina dawa dukani, nalo ni upweke. Yule wa kijivu alipofika alikuwa amejinyonyoa manyoya kifuani mpaka ngozi inaonekana, kama kuku aliyeandaliwa nusu. Hakuwa mgonjwa wa ngozi. Alikuwa amekaa miezi kwenye tundu akisubiri mtu apande garini. Kule Marekani kulikuwa na kasuku wa aina hii aliyeitwa Alex. Mwanasayansi Irene Pepperberg alimnunua kwenye duka la wanyama Chicago mwaka 1977, akamfundisha hadi Septemba 2007 alipokufa. Alex alitofautisha rangi na maumbo, na alihesabu hadi sita. Sasa chukua kiumbe wa akili hiyo umning'inize barazani kama kalenda, halafu ushangae kwa nini anajing'oa manyoya.

Wa kwetu naye anaongea, ila si maneno ya kumfurahisha mgeni. Analia kama lori linalorudi nyuma. Anakohoa kama mvuta sigara. Na ana sentensi moja ya Kiswahili cha kule Kongo ambayo huitoa mara nyingi shangazi anapoingia na chakula: "Makuta iko wapi?" Yaani, hela iko wapi. Tulicheka sana siku za mwanzo. Baadaye shangazi akasema, hebu fikiria amelisikia neno hilo mara ngapi mpaka likamkaa. Siku hizi amejifunza "kamwene" pia, salamu ya Wahehe, na huwasalimia hata paka. Manyoya ya kifuani yameota karibu yote.

Najua swali linalofuata, kwa sababu huwa linaulizwa na watu wazuri: kwa nini msiwafungulie mlango tu, waende zao?

Nendeni Naivasha, Kenya, mkajionee. Pale ziwani wako cherero wengi, wanapendeza, watalii wanawapiga picha. Hawakuwepo zamani. Ni watoto na wajukuu wa ndege wa kufugwa waliotoroka au kuachiliwa, wa aina mbili za kwetu Tanzania ambazo porini kila moja ina nchi yake. Kule wamezaana, wamechanganyika, na sasa huwezi kusema huyu ni yupi. Vivyo hivyo huku. Mtu wa Iringa anaweza kuletewa cherero wa shingo ya machungwa aliyetoka Mwanza kwa basi, akamwachia pale Kihesa kwa moyo safi, na akawa ameanzisha jambo ambalo hakuna ofisi itakayoweza kulirudisha nyuma. Mwingine anaachia ndege aliyekatwa mabawa. Huyo hafiki hata uzio wa jirani, na paka hana mpango wa kuhifadhi mazingira.

Cherero tisa tumewahi kuwarudisha. Walikuwa wa Pawaga, tulijua walikonaswa, walikuwa wamekaa na watu kwa wiki chache tu. Wakapita karantini, wakakaa pamoja bandani hadi manyoya ya mabawa yalipoota upya, na hilo huchukua miezi, kwa sababu unyoya uliokatwa haukui. Unasubiri udondoke wenyewe ndipo mpya uje. Ofisa wa wanyamapori akaja, tukawapeleka kwa gari la halmashauri, tukawaweka siku kadhaa kwenye banda la muda karibu na mibuyu ambako makundi mengine hupita, halafu mlango ukafunguliwa asubuhi na chakula kikaachwa pale pale. Wa kwanza alitoka baada ya dakika arobaini. Nilikuwa nimeandaa kamera, nikapata picha ya tawi tupu.

Hawa saba waliobaki wamelelewa na mikono ya watu tangu makinda, au hatujui walikotoka. Mmoja huja kukaa kidoleni kwa mtu yeyote, hata mtoto mwenye manati. Huyo huwezi kumwita huru kwa kumtoa nje.

Sasa ile habari niliyoisema mwanzoni.

Shangazi anakohoa. Alianza mwaka jana, tukadhani ni vumbi la kiangazi, kisha ni baridi, kisha ni umri. Daktari akampiga picha za kifua, akamuuliza kazi yake, akamwuliza kama anafuga ndege. Kuna ugonjwa wa mapafu unaowapata watu wanaokaa karibu na ndege kwa muda mrefu. Mwili unalikataa vumbi la manyoya na kinyesi, kila ukilivuta mapafu yanavimba, na ukiendelea yanapata makovu yasiyorudi. Kasuku wa kijivu ni mmoja wa ndege wenye vumbi jingi zaidi, ukimfuta mkono wako unabaki na unga mweupe. Dawa zipo, lakini dawa kubwa ni kuwa mbali nao. Nilipomuuliza shangazi daktari amesemaje, alinijibu akiwa amesimama ndani ya banda, amevaa barakoa mbili: "Amesema nipumzike." Ukweli wote nilikuja kuupata kwenye karatasi.

Wakati huo huo mhariri ananitaka Dar es Salaam. Si kwamba nalalamika, ni nafasi niliyoiomba kwa miaka miwili. Lakini Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na nimekuwa nikipanda basi mwisho wa wiki kila nilipoweza, nikishuka na karoti kwenye begi la kompyuta. Dar ni mbali zaidi, na dawati la habari halina Jumamosi.

Halafu fanyeni hesabu. Cherero akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka kumi na tano au zaidi. Kasuku wa kijivu anaweza kufika hamsini. Shangazi ana miaka sitini na minne, mimi ishirini na saba. Hatujui ndege wetu ana umri gani, lakini kama ni kijana basi anaweza kumzika shangazi na akanikuta mimi mstaafu. Hakuna mtu Tunduma anayefikiria hivyo anapolipia ndege wa kumchekesha safarini.

Waliojitokeza kumchukua ni wengi. Hoteli moja ilimtaka mapokezi, kwenye kelele ya televisheni mpaka usiku wa manane. Mfanyabiashara mmoja aliuliza kwanza kama anaweza kufundishwa jina la kampuni. Binti mmoja, mzuri wa nia, anaishi kwenye chumba kimoja na anatoka saa kumi na mbili asubuhi hadi usiku. Nilifikiria hata kuchukua naye mimi, nikajiangalia: chumba kimoja Dar, mtu wa kurudi saa nne usiku. Ningekuwa dereva wa pili. Nilifikiria vituo vya kweli, kile cha Entebbe au Lwiro kule Kivu Kusini, ambako tangu 2002 wanatunza sokwe na nyani, na kasuku wa kijivu pia. Lakini kumvusha mpaka mmoja wao kunataka vibali vya CITES vya nchi mbili, na wale wana wao waliojaa tayari.

Tulichoamua ni hiki. Jirani wa pili wa shangazi, mwalimu mstaafu na mumewe, ambao wamekuwa wakishika zamu kila shangazi alipoumwa, wamekubali banda lijengwe upya uani kwao, mbali na madirisha. Ofisa wa wanyamapori amekuja kuona, na barua zinaandikwa upya kwa majina yao. Nitalipa chakula na daktari wa mifugo kila mwezi, popote nitakapokuwa. Tumeandika karatasi yenye majina ya watu watatu kwa mpangilio, kwamba huyu akishindwa anafuata huyu, na kila mmoja ameweka sahihi. Shangazi amepewa kiti upande wake wa ua, hatua kama thelathini, anakotoa maelekezo kwa sauti. Juzi alinipigia simu analalamika kwamba mwalimu anakata karoti nene.

Na kwa kuwa wale wazee nao wana mapafu, tumeamua pia kwamba kumi na mmoja ndiyo mwisho. Kwa hiyo sinunui, na kuanzia sasa hatupokei hata wa bure. Najua kuna atakayesema tumekuwa na roho mbaya. Wiki mbili zilizopita kijana alileta boksi lenye cherero watatu mpaka mlangoni, na mwalimu akamwelekeza kwa afisa wanyamapori wa wilaya na kumsindikiza yeye mwenyewe, kwa bajaji. Boksi lilikuwa linalia njia nzima. Lakini kituo kinachopokea kuliko kinavyoweza kutunza ni boksi kubwa tu.

Kama una ndege mkononi leo, piga simu kwa afisa wanyamapori wa wilaya yako au ofisi ya TAWA iliyo karibu, useme ukweli alikotoka. Usimwachie dirishani. Kama unafikiria kununua, kwanza andika jina la mtu atakayemchukua utakapohamishwa kazi, na la atakayemchukua baada ya huyo. Ukikosa la pili, nunua redio.

Kwa walioko Iringa: mwalimu anahitaji nyavu za waya zenye matundu madogo, mita ishirini, na mtu mwenye mkono mzuri wa kuzifunga Jumapili hii baada ya ibada. Chai ipo. Barakoa njoo na yako.

Nawasilisha.